Walioniwashia Taa Njia ya Ujiji

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo lilelile: ilikuwaje mtu aliyeondoka na boksi la vitabu vyake akarudi na ndoo ya mawese? Nimechoka kusimulia kwa vipande, huyu nimpe mwanzo, yule nimpe mwisho, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Anayetaka ushauri wa barabara atafute kwingine. Mimi nilipita barabara nzuri kwa ujinga wangu mwenyewe.

Safari yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Shangazi yangu Tausi, dada wa marehemu baba, anaishi Tabora, mtaa wa Cheyo. Mjukuu wake Rehema alikuwa anaolewa Ujiji. Rehema alifiwa na mama yake akiwa bado ananyonya, na Shangazi ndiye aliyemlea mpaka akawa mwalimu na kupangiwa kazi Kigoma. Kazi yangu ilikuwa kutoka Morogoro na gari, kumchukua Shangazi, na kumfikisha Ujiji kabla ya usiku wa hina. Moyoni nilikuwa na kazi ya pili ambayo sikumwambia mtu. Nilitaka kuandika makala kuhusu njia ya misafara ya zamani, ile ya wapagazi wa Kinyamwezi na pembe zao, nikiifuata kwa mwendo wa kutafakari. Mwendo wa kutafakari niliupata.

Morogoro hadi Itigi

Gari langu ni la Kijapani, limetumika huko kwao kabla ya kuja kutumika kwangu. Kitabu chake cha maelezo ni cha Kijapani, na kila asubuhi ukiliwasha, sauti ya mwanamke inasema maneno marefu yenye heshima. Miaka yote hii sijui anasema nini. Namjibu asante.

Mpaka Manyoni sikuwa na la kuandika zaidi ya upepo na alizeti. Karibu na Itigi kulikuwa na kipande cha barabara kinatengenezwa, magari yanashushwa pembeni, na mimi nilikuwa nimezama katika sentensi ya kwanza ya makala yangu. Sentensi ilikuwa nzuri. Shimo sikuliona. Gari liliruka, likatua kwa makalio, huko nyuma kikalia kitu kama kijiti kinachovunjika, na kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya njano ambayo sijawahi kuiona.

Nilisimama kwenye kituo cha mafuta cha Itigi kuichunguza. Ilikuwa na umbo la nusu kibuyu kinachomwaga mistari, na pembeni mshale wenye vichwa viwili, kimoja juu kimoja chini. Nikamwita kijana wa pampu, mtu mzima kiasi, mwenye ndevu.

"Kaka, hii taa unaijua?"

Akaingiza kichwa dirishani, akaitazama kwa muda.

"Ni ya njano."

"Hilo naliona."

"Basi mzee, njano haina neno. Ikiwaka nyekundu ndiyo ushuke. Njano ni ushauri tu."

Nilipenda jibu hilo. Mtu aliyefika umri wangu amekwisha kupokea ushauri mwingi na hajafa. Nilifungua kitabu cha Kijapani hata hivyo, nikapata ukurasa wenye alama ileile. Chini yake palichorwa kitu nilichokiona ni mashua iliyoinua pua, ikitoa miale kwenda angani. Nikahitimisha kuwa ni onyo la kutoendesha gari majini. Nikafunga kitabu.

Itigi hadi Tabora

Hapa barabara ni nyororo, msitu pande zote mbili, na ukikaribia Igalula unaanza kuona wauza uyoga mkavu na karanga. Nilinunua michembe, nikaitafuna na karanga mpaka taya zikachoka. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa vikiwa vibichi. Ukiila kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, unakumbuka kwamba zamani ulikuwa na meno.

Niliingia Tabora jua likiwa bado juu, taa ya njano ikiwa bado inanishauri. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kanga mbili, moja kichwani moja kiunoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, Profesa wangu. Umekonda au ni gari limekuwa kubwa?"

Mimi si profesa. Nilifundisha chuoni kidogo, nikaacha, nikaanza kuandika makala. Kwa Shangazi mtu yeyote anayelipwa kwa kukaa ni profesa.

Cheyo, ambako safari haianzi

Tulikubaliana kuondoka Ijumaa alfajiri. Alfajiri niliwasha gari, yule mwanamke wa Kijapani akatoa maneno yake, na Shangazi, aliyekuwa anapitisha kikapu dirishani, akamjibu bila kusita: "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hapo tulikuwa tayari. Akaja jirani wa kwanza.

Watu wa Tabora hawaachi harusi ipite mikono mitupu, hata kama harusi yenyewe iko ng'ambo ya mto Malagarasi. Na msafiri hawezi kukataa mzigo wa harusi. Angekataa, angeonekana anamkataa bibi harusi. Zaidi ya hapo, mzigo haupokelewi kwa kunyoosha mkono. Unakaa, unanywa chai, unasikia habari za aliyeutoa, unamwombea dua, ndipo unaubeba. Bi huyu ameleta mchele wa kwao. Mzee yule ameleta ndoo ya asali, akaeleza msitu ilikotoka na tabia ya nyuki wake. Akaja mama na karanga, kisha dada yake na karanga zaidi ili asipitwe. Akaja fundi seremala wa Kanyenye, jirani wa zamani, kabeba begani kinu cha mninga alichokichonga mwenyewe, chekundu, kizito kama deni la akhera.

"Hiki Rehema akitwangie kwake," alisema. "Alikuwa mdogo akinisumbua karakana, anataka kinu cha wanasesere. Nilimwambia akiolewa nitampa cha kweli."

Shangazi aliposikia hivyo akageuka upande, akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu.

Buti likajaa. Kinu kikalala mwisho kabisa, na pembeni yake lilikuwepo boksi langu la vitabu, ambalo nilikuwa nimelitoa Morogoro kwa matumaini kwamba Kigoma wanasoma. Shangazi mwenyewe, ambaye hajawahi kukonda, alikaa kiti cha nyuma.

"Njoo mbele, Shangazi, miguu ipumzike."

"Mbele ni pa utingo. Mimi nakwenda harusini."

Nilitembea kulizunguka gari. Nyuma lilikuwa limechuchumaa, mbele limeinua kidevu. Nikalipigapiga boneti kwa upole kama mtu anayemfariji ng'ombe. Shangazi akainama katikati ya viti.

"Hiyo taa ya njano inanichoma. Ya nini?"

"Ya ushauri."

Akatoa plasta ya vidonda kwenye pochi yake, akaibandika juu yake kwa kidole gumba. "Basi. Tumesikia."

Tukaondoka baada ya swala ya Ijumaa na sahani ya wali ambayo haikukwepeka.

Tabora hadi Kaliua

Kwa wasiojua usiku wa hina wa kwetu, nitaeleza kidogo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilikuwa natoka jasho. Hina hupakwa usiku wa kuamkia nikaha, ilale mikononi mpaka asubuhi iwe imeshika. Tone la kwanza, katikati ya kiganja, huwekwa na mkono uliomlea bibi harusi. Asipokuwepo mlezi, tone hilo huwekwa na upande wa bwana harusi, na hakuna anayesema neno, lakini kila mwanamke chumbani amekwisha kuelewa: huyu binti sasa ni wa kule, na kwao hawakufika.

Shangazi hakuwa na haja ya kunikumbusha. Simu ilinikumbusha. Tulipokuwa Urambo, tukinywa chai na maandazi karibu na maghala ya tumbaku, Rehema alipiga.

"Bibi, mmefika wapi?"

"Tunakaribia, mjukuu wangu."

"Mnakaribia wapi?"

"Urambo."

"Urambo ndiyo kukaribia? Bibi, wifi zangu wamekwisha kuloweka hina! Shangazi yake Idrisa amekaa hapa karibu na bakuli tangu adhuhuri, anakunja mikono ya gauni."

Idrisa ndiye bwana harusi. Huyo shangazi yake nilimchukia hapohapo bila kumwona, jambo ambalo baadaye nililijutia, kwa sababu alinipikia migebuka, samaki wa ziwani, isiyosahaulika.

"Mwambie akunjue," alisema Shangazi Tausi. "Sitoki Tabora na kinu nije kukuta hina imepakwa."

Kaliua tuliipita jua likiangukia mbele yetu, kubwa, jekundu. Nikawasha taa.

Kaliua hadi Nguruka

Hiki kipande ndicho mnachokiulizia, basi nisikilizeni.

Giza lilipoingia sawasawa, nilianza kuona kitu kilichonifurahisha. Mnajua watu wa nyanda hizi hufuga nyuki kwa mizinga ya magogo wanayoitundika juu ya miti. Mchana unapita kwa mwendo kasi, huioni. Usiku huo niliiona. Kila kona, taa zangu zilipopita juu ya miti, mzinga mmoja ulijitokeza, mwingine, mwingine, ikining'inia kwenye matawi ya miyombo kama watu waliopanda kutazama msafara. Nilisisimka. Nikasema hii ndiyo makala yangu. Nikamwambia Shangazi:

"Miaka yote napita njia hii, sijawahi kuona mizinga mingi namna hii!"

"Hata mimi," alisema. "Barabara je, unaiona?"

"Kiasi."

Kisha likaja gari la kwanza kutoka upande wa Kigoma. Likaniwashia taa, mara mbili.

Kila dereva wa nchi hii anajua maana yake. Mwenzako anakuonya: mbele kuna askari wa barabarani na tochi yake ya kupima mwendo, punguza. Ni adabu kongwe ya barabara zetu, na hata asiyemsalimia jirani yake huitimiza. Nikapunguza mpaka hamsini. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikamshukuru kwa kumwashia taa kubwa, mara mbili, nami.

Akapiga honi ndefu wakati anapita.

"Anasema karibu," nilimweleza Shangazi.

Tukatambaa kwa hamsini. Askari hakuonekana. Nilipoanza kukanyaga mafuta, likaja basi. Likaniwashia, likaniwashia, likaniwashia. Nikarudi hamsini, nikashukuru kwa taa kubwa. Basi likayumba kidogo pembeni, likapiga honi.

"Watu wa magharibi wakarimu sana," nilisema. "Kule kwetu wanakuonya mara moja tu, wakikumbuka."

Likaja lori, likaja pikapu, ikaja pikipiki ambayo ilisimama kabisa kando ya barabara mpaka tulipopita. Wote waliniwashia. Wote niliwashukuru. Msafara wa wapagazi ungetupita ukiimba.

"Profesa," alisema Shangazi kutoka nyuma, "hao askari wako wamejificha wapi? Kwenye mizinga?"

"Leo wamejipanga, Shangazi. Hatuwezi kupuuza watu wote hawa."

"Nakuuliza kwa sababu hina inakauka."

Simu ikalia tena. Safari hii Rehema hakuuliza tuko wapi. Nilisikia sauti yake ndogo kwenye spika: "Bibi, wameiongezea maji mara ya pili. Wanasema ikiongezewa tena haitashika. Wanasema saa zimekwenda, mgeni akichelewa hina haimsubiri. Mimi nimekaa juu ya mikono yangu."

"Umekaa juu ya mikono?"

"Nimeikalia, Bibi. Wasiniguse."

Shangazi akacheka. Kwenye kioo nilimwona anatazama nje, na mizinga inapita.

"Alipokuwa mdogo alikuwa akifanya hivyo," alisema. "Nikitaka kumkata kucha."

Nikaongeza mwendo. Mbele kukatokea gari, likaniwashia taa. Nikapunguza.

Nguruka

Nguruka kuna mahali pembeni mwa barabara ambapo madereva hula. Mabenchi, jiko la mkaa, turubai, na mama mmoja mnene mchangamfu anayeitwa Mama Shija. Niliingia hapo na gari langu ili Shangazi anyooshe miguu na mimi niulize askari wako wapi hasa. Nilipokata kona kuelekea mabenchini, watu wote waliokuwa wanakula waliinua mikono.

Nilifurahi. Nikawapungia nami.

Hawakuwa wanapunga. Walikuwa wamefunika macho. Mmoja alisimama, tonge la ugali likiwa bado mkononi, akaja huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayepita kwenye upepo wa mchanga.

"Mzee! Zima hilo jua lako!"

"Habari za jioni," nilisema.

"Nzuri, zima kwanza!"

Nikazima. Alikuwa dereva wa lori lililoegeshwa pale, linaelekea Tabora. Mtu mrefu, fulana ya mistari.

"Ninyi ndio mnatuua," alisema. "Mnaendesha na taa za fulu usiku kucha kama nchi ni yenu."

"Ndugu yangu, mimi natumia taa za chini."

"Za chini? Umemulika mpaka sahani yangu! Nimeona miiba yote ya samaki!"

"Kuna faida," alisema mlaji mmoja benchini, na wenzake wakacheka.

Dereva akaingiza mkono ndani ya gari langu bila kuomba, akawasha taa, akaushika ule mkono wa taa chini ya usukani. Ulikuwa chini, kama nilivyosema. Akautazama, akanitazama, na hasira yake ikakosa pa kukaa.

Wakati huo Shangazi alikuwa amekwisha kushuka. Alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni, hamtazami mtu, anafuata kwa macho ule mwanga ulikoelekea. Ulipita juu ya mabenchi, juu ya turubai la Mama Shija, ukagota juu kabisa kwenye mti wa nyuma ya kibanda. Humo kulikuwa na mzinga.

"Haya," alisema. "Mizinga yako hiyo."

Nilisimama kando yake. Ilinichukua muda, lazima nikiri. Kisha nikaingia ndani ya gari, nikabandua ile plasta kwa ukucha. Taa ya njano ilikuwa imewaka vilevile, yenye subira. Nusu kibuyu kilikuwa taa ya mbele ya gari. Mistari ilikuwa mwanga. Mshale ulikuwa unasema juu na chini, kwa sababu jambo lenyewe ni juu na chini. Nikafungua kitabu cha Kijapani kwenye ule ukurasa, na mashua ikageuka kuwa gari: nyuma limelemewa na mzigo, mbele limeinuka, na mwanga wake unapaa kwenda kwenye uso wa dereva mwingine aliyechorwa kwa mistari michache, mikono machoni.

Gari la aina yangu linajitazama lenyewe lilivyokaa. Nyuma likishuka, linazishusha taa zake za mbele taratibu, bila kumsumbua mtu. Shimo la Itigi lilikuwa limeua hicho kipimo. Gari likajua kwamba halijui tena limekaaje, likafanya kitu pekee lilichoweza kufanya: likaniambia. Zamani mpagazi akizidiwa alitua mzigo chini na kukaa juu yake mpaka asikilizwe. Gari langu lina adabu zaidi, liliwasha taa ndogo. Na sisi tukaibandika plasta.

"Kwa hiyo," nilimwambia yule dereva, "wale wote walioniwashia…"

"Walioni-nini? Walikuwa wanakutukana, mzee."

"Na mimi niliwashukuru."

"Uliwashukuru vipi?"

"Kwa taa kubwa."

Alinitazama, tonge mkononi, kisha akaanza kucheka. Akaenda kuwaeleza wengine, na nikasikia kicheko kikipita benchi kwa benchi mpaka jikoni kwa Mama Shija.

Mtu mwingine angelala Nguruka, aamke na jua, asizihitaji taa kabisa. Nilimtajia Shangazi wazo hilo. Alifungua buti.

"Nyuma ndiko kuzito," alisema. "Basi nyuma kupungue."

Tukaanza kuhamisha. Ndoo ya asali ikaenda mbele, chini ya miguu ya abiria. Mchele ukashuka kwenye sakafu, nyuma ya kiti changu. Yule dereva wa lori, aliyekwisha kunawa na kuwa rafiki, akaenda kusimama hatua kadhaa mbele barabarani.

"Mimi ni lori!" alipaza sauti. "Nakuja! Washa!"

Nikawasha. Akafunika macho. "Bado!"

Tukahamisha karanga. "Bado! Lakini sasa namwona Mungu kwa mbali tu!"

"Hili boksi lina nini?" Shangazi aliuliza. Alikuwa amejaribu kulisogeza, likagoma.

"Vitabu vyangu."

"Vya kusoma?"

"Vya kuuza."

"Vimewahi kuuzika?"

"Shangazi…"

"Basi vishuke."

Vikashuka. Wanaume wawili walivibeba kwa kuguna mpaka kwa Mama Shija, aliyeahidi kuvitunza kama watoto. Kikabaki kinu. Nilisema, kwa sauti ya chini, kwamba kinu nacho kingeweza kusubiri hapa, nikichukue wakati wa kurudi, nikitume. Shangazi aliniangalia kama nimetaja kumwacha Rehema mwenyewe. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikwenda kiti cha mbele, cha utingo, akaketi, akaikalisha sawasawa ile ndoo ya asali pembeni, akaachanisha magoti.

"Nipeni hapa."

Tukamkabidhi kinu. Akakipakata katikati ya magoti, mikono miwili imekizunguka, kidevu karibu kigote kwenye mdomo wake.

Nikawasha taa. Dereva alisimama palepale barabarani, mikono chini. Mwanga ulikuwa umelala kwenye viatu vyake na lami.

"Lori limepita salama!" alisema. "Nendeni. Na mzee, ukiwashiwa taa usishukuru."

Nguruka hadi Ujiji

Tulivuka Malagarasi, tukapita Uvinza. Sikuona mzinga hata mmoja. Niliona barabara, ambayo ni nzuri sana, na alama zake nyeupe pembeni ambazo sikujua kama zipo. Magari yaliyokuja yalipita kimya. Hakuna aliyeniwashia. Sijawahi kufurahia kupuuzwa kiasi kile.

Shangazi alizungumza njia nzima, jambo ambalo hafanyi akiwa kiti cha nyuma. Alizungumza na kinu zaidi kuliko na mimi. Alikieleza jinsi ya kuishi na watu wa ziwani, kwamba wao ugali wao ni wa muhogo na kitatwanga sana, kisilalamike. Mara akaacha kukisemesha, akasema: "Nikishaweka lile tone, halafu?"

Nilishika mwendo.

Ujiji tuliikuta ikiwa macho. Nyumba ya harusi haihitaji kuulizwa, unafuata vigelegele. Wanawake walifungua njia kwenye baraza, na Shangazi akapita katikati yao amekumbatia kinu, hataki kusaidiwa, kanga imemteleza. Mimi niliishia mlangoni kama inavyompasa mwanaume, lakini mlango ulikuwa wazi, nikaona. Rehema alikuwa amekaa mkekani, kweli ameikalia mikono. Alipomwona bibi yake aliitoa taratibu, ikiwa imekunjamana na kufa ganzi, akaifungua mbele yake.

Bakuli la hina lilikuwa karibu kukauka. Shangazi wa Idrisa, yule niliyemchukia, aliuma kidogo mdomo wake wa chini kwa kufikiri, akachukua kikombe cha chai ya rangi iliyopoa, akamimina matone machache, akakoroga.

"Chai itaishikisha," alisema. "Nilikuwa naiweka akiba kwa ajili yako. Karibu, mama yake."

Shangazi Tausi alichovya kidole. Kilikuwa kimekakamaa kwa kubeba kinu. Rehema akakishika kwa mkono wa pili, akakiongoza mpaka katikati ya kiganja.

Kurudi

Harusi ilikuwa harusi. Nilikula migebuka, nikapewa ndoo ya mawese, nikacheza vibaya. Hina ilishika, nyeusi kuliko ya wote.

Tulipofika Nguruka, boksi langu lilikuwepo, halijafunguliwa, limefunikwa kitambaa cha maua. Watu wawili walikuwa wamelikalia wanakunywa chai. Mama Shija alisema limemsaidia sana, benchi lake moja lilikuwa limevunjika. Nilimwachia. Nimeandika kwa miaka mingi na hiyo ndiyo mara ya kwanza kazi yangu ikiondoka ingeacha pengo. Tabora, fundi wa magari alikipata kile kijiti kilichovunjika kule nyuma karibu na ekseli, akaweka kingine, na taa ya njano ikazimika. Asubuhi ile mwanamke wa Kijapani alisema maneno yake kama kawaida. Nashuku ndiye aliyekuwa akinieleza yote tangu mwanzo.

Lakini kabla ya Tabora kuna jambo moja. Tulikuwa kati ya Kaliua na Urambo, magharibi inaingia, taa nimewasha. Gari lilitokea mbele likaniwashia, mara mbili. Nikapunguza, nikatafuta pa kuegesha nipange upya mzigo.

"Unafanya nini?" Shangazi aliuliza. Alikuwa kiti cha mbele. Siku hizi hakai kwingine.

"Ametuwashia."

"Tazama juu. Unaona mzinga?"

Nikatazama. Matawi yalikuwa giza tupu.

"Sioni."

"Basi hao ni askari. Nenda, lakini polepole."

Baada ya kona walikuwepo, wawili, wamevaa nyeupe, na tochi yao. Walitutazama tukipita kwa hamsini, mmoja akainua mkono kumwamkia Shangazi, naye akamwitikia kwa kichwa. Mikono yake ilikuwa imetulia mapajani. Nyuma hakukuwa na mzigo wa kutisha gari, na mbele nafasi ilikuwa tele, lakini tangu Ujiji alikuwa amekaa vilevile alivyokipakata kinu, magoti yameachana, na katikati yake hapakuwa na kitu.